Mgonjwa Atalala

Kikao cha Kamati ya Mitaala ya Uzamili kilichelewa kuanza kwa sababu projekta ilikuwa inaonyesha kila kitu kwa rangi ya kijani. Fundi aliitwa, akachomoa waya, akauchomeka tena, akaenda zake, na pendekezo likabaki ukutani kijani vilevile. Wajumbe wakaamua kuendelea hivyo hivyo. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na mwenyekiti si mtu wa kuacha chai ipoe kwa ajili ya rangi.

Mtoa hoja alikuwa mhadhiri wa uuguzi ambaye chuo kizima kilimwita Mama Shufaa. Jina hilo alilipata kwa ung'ang'anizi wake. Kila aliyekaa naye meza moja aliambiwa, atake asitake, kwamba kuna wagonjwa ambao hawatapona, na kwamba hao nao wanahitaji muuguzi anayejua la kufanya: awapunguzie maumivu, awapatie usingizi, akae nao mpaka mwisho. Kazi hiyo ndiyo tiba shufaa, na hapakuwa na mahali pa kuisomea. Basi akaandika pendekezo la shahada ya uzamili, kurasa kwa kurasa, na sasa lilikuwa limefika kwenye kamati ambayo hakuna shahada inayoweza kuikwepa.

Mjumbe mmoja, profesa mwembamba mwenye sauti ya upole, wahadhiri walimpachika jina la Bwana Vitenzi. Yeye husoma sehemu moja tu ya kila pendekezo, ile inayosema mwanafunzi akimaliza kozi ataweza kufanya nini. Lakini huisoma mpaka inatoa jasho.

"Mwalimu, hapa umeandika, 'Mgonjwa atalala.'"

"Ndiyo, Profesa."

"Anayesoma hapa ni nani? Mgonjwa au mwanafunzi?"

"Mwanafunzi."

"Sasa kulala kwa mgonjwa kunatuhusu nini sisi? Mwanafunzi akifaulu, tutampa cheti mgonjwa?"

Wajumbe wakacheka, bila ubaya wowote. Bwana Vitenzi alikuwa sahihi kwa mujibu wa mwongozo: matokeo ya ujifunzaji ni ya mwanafunzi, na lazima yapimike. Mama Shufaa alikuwa amefanya kosa la mtu aliyekaa wodini muda mrefu. Mahali pa kuandika mwanafunzi ataweza nini, mkono wake uliandika mgonjwa atapata nini. Katibu, ambaye hufanya marekebisho papo hapo kikaoni, akaifuta sentensi hiyo na kuandika nyingine: "Mwanafunzi ataweza kubainisha hatua za usingizi kwa mpangilio wake." Wajumbe wakaafiki. Pendekezo likarudishwa idarani kwa marekebisho madogo.

Mumewe Mama Shufaa alikuwa dereva wa lori za masafa marefu kabla mifupa yake haijaanza kumla kwa ndani. Hospitali ilimtibu mpaka ikaishiwa maneno, ikamrudisha nyumbani. Alilala chumba cha nyuma, kitanda kimesogezwa dirishani ili aone ua na kamba ya nguo, na dada yake alikuwa amehamia pale kusaidia. Mkewe alimwita Dereva. Yeye alimwita mkewe Mwalimu, tangu uchumba wao, kwa utani ambao ulikuja kuwa jina.

Asubuhi iliyofuata kikao, wifi mtu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kanga imemlegea begani.

"Wifi, kaka hajafumba jicho. Tangu jana jioni."

Mama Shufaa akaenda chumba cha nyuma. Dereva alikuwa na macho makavu, ametulia.

"Mwalimu, usingizi una hatua," alisema. "Ya kwanza ni ya mpito, macho yanazunguka polepole. Ya pili joto la mwili linashuka. Ya tatu ndiyo usingizi mzito, hapo mwili unajitengeneza. Halafu inakuja ya ndoto."

"Umeyajulia wapi hayo?"

"Sijui. Nimejikuta nayajua tu, tena kwa mpangilio. Ila kulala kwenyewe ndiyo siwezi."

Daktari wa mtaa alipita mchana, akampima, akazisoma chupa za dawa, akanawa mikono. Alisema dawa ni sawa na kipimo ni sawa, usingizi wenyewe ndio haupo, umeondolewa. Akauliza nani kauondoa. Mama Shufaa akamwambia ni kamati.

"Basi kauombeni hukohuko," daktari alisema, akachukua mkoba wake.

Katibu wa kamati alikuwa mama mtu mzima, mkarimu, mwenye feni ndogo mezani iliyopuliza upande wake tu. Alimsikiliza Mama Shufaa mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Hutokea," alisema. "Mwenzako wa muziki walimwondolea kozi ya sauti nzito. Mpaka leo mama yake mzazi haisikii ngoma. Filimbi anaisikia. Wameshazoea."

"Mimi siwezi kuzoea, dada yangu. Mtu halali."

"Pole, mwaya. Lakini kilichoamuliwa kikaoni mimi siwezi kukirudisha kwa mkono wangu. Ushauri wangu, kimbiza hili pendekezo lipite. Likishapita, halichokonolewi tena, na nyumbani kutatulia."

Ushauri huo ulikuwa mwema na Mama Shufaa akaufuata. Akakesha na pendekezo, akajaza jedwali la majibu: maoni ya kamati safu hii, hatua iliyochukuliwa safu ile, ukurasa safu ya tatu. Akapitia matokeo ya ujifunzaji yote akiwindawinda kila mahali palipoandikwa mgonjwa, ili aweke mwanafunzi kabla Bwana Vitenzi hajapaona. Kila alipojaribu kubadili mwenyewe, hakuna kilichotokea chumba cha nyuma, si kwa heri wala kwa shari. Maneno yake peke yake hayakuwa na nguvu. Yalihitaji kamati.

Kwenye kikao cha pili alipiga moyo konde, akaomba kusema kabla ya ajenda yake. Akawaeleza. Alisema mume wake anaumwa, kwamba walichofuta hapa kimefutika kwake, kwamba anaomba usingizi urudishwe kwenye kozi, kwa maneno yoyote watakayoona yanapimika. Alisema bila kulia, kwa sababu alijua chumba kile machozi hayakisaidii.

Wajumbe wakampa pole, mmoja baada ya mwingine, na pole zenyewe zilikuwa za dhati. Mwenyekiti akavua miwani.

"Tumekusikia, Mwalimu, na tunakuombea. Lakini sasa umetuweka pagumu. Kumbe una mgonjwa nyumbani anayeguswa na programu hii?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Huo ni mgongano wa maslahi. Ulipaswa kuutamka mapema. Nitakuomba utoke nje tujadili."

Akatoka. Alikaa kwenye benchi la korido, mkabala na picha za wenyeviti waliopita, huku akisikia sauti bila maneno na mara mbili kicheko. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuishukia. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyemtakia mabaya.

Alipoitwa, walikuwa wameshapitia sehemu kubwa. Kozi ya kudhibiti maumivu ilionekana kuwa na krediti nyingi kuliko kozi ya takwimu, na hilo lisingekubalika kwenye shahada ya uzamili, kwa hiyo ilipunguzwa ikabaki theluthi. Mahali alipoandika "Mgonjwa atahisi hayuko peke yake anapoguswa" palifutwa pakaandikwa "Mwanafunzi ataweza kuorodhesha aina za mguso." Usingizi haukujadiliwa, kwa sababu mwenye hoja hiyo hakuwepo ukumbini.

Alirudi nyumbani kabla jua halijazama. Hakuvua hata viatu. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mumewe, kama alivyofanya kila siku.

Dereva akaendelea kutazama dirishani.

"Dereva."

"Naam. Umerudi? Sijakusikia." Akageuka, akauona mkono. "Ah. Kuna mguso wa tiba, kuna mguso wa faraja, kuna mguso wa kimila. Huo ni wa faraja, siyo?"

"Ni wa faraja."

"Sawa," alisema. "Uache hapo hapo. Mimi siuhisi, lakini wewe unauhisi."

Mama Shufaa aliuacha mkono pale mpaka ukafa ganzi. Kisha akaenda bafuni, akafungua maji ya bomba yote, akalia kwa sauti. Wifi yake akamsikia na hakubisha hodi.

Dawa ya maumivu sasa ilishika theluthi ya muda wake. Ilipokatika, Dereva hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni, aliyewahi kubadilisha gurudumu la trela na kidole kimevunjika. Lakini meno yake yaliuma mto, na dada yake alishona foronya ile ile tena na tena mpaka akaona bora aiache. Alikuwa amekonda hata pete ya ndoa ikahamia kidole gumba. Hakulala, hakuhisi mkono wa mtu, na katikati ya dozi mbili kulikuwa na mahali ambapo hakuna aliyeweza kumfuata.

Siku moja alasiri akamwita mkewe.

"Mwalimu, mimi nimefika. Nataka kushuka."

Mama Shufaa alijua anachoambiwa. Maneno ya namna hiyo alikuwa ameyasikia kwa wagonjwa wa watu wengine, na kila mara aliwatoa ndugu nje ya mlango, akawaambia kwa upole: mmeshamsikia, mpeni ruhusa. Alikuwa hodari wa kusema hivyo. Watu walimshukuru kwa miaka.

"Subiri kidogo," alisema.

"Nisubiri nini?"

"Kamati inakaa wiki ijayo. Kabla hawajapitisha, nitaomba warudishe usingizi. Nitaomba..."

Dereva akacheka, na kicheko kikamuumiza mbavu. "Nimesubiri kwenye mizani. Nimesubiri mipakani na samaki wanaoza nyuma yangu. Kusubiri kamati ndiyo sijawahi. Haya. Nenda kwenye kamati yako. Lakini mimi sikuahidi."

Siku ya kikao alimwacha anapumua vizuri. Projekta ilikuwa imetengenezwa, na pendekezo likaonekana jeupe, safi, limepangwa. Mwenyekiti alisema wazi kwamba nia ya kamati ni kulipitisha leo, kwani ndaki ya afya imelisubiri na wizara imeanza kuuliza. Palikuwa na jambo moja tu. Mtathmini wa nje, katika ripoti yake, alikuwa ameona kwamba neno kifo limejitokeza kupita kiasi. Waombaji wangeweza kusita. Waajiri pia.

"Na hii kozi ya mwisho kabisa," alisema Bwana Vitenzi. "'Mgonjwa atakufa kwa amani.' Mwalimu, hapa tena ametokea mgonjwa. Halafu utampimaje mwanafunzi? Utamwuliza nani kama ilikuwa kwa amani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la kitaaluma.

Simu ya Mama Shufaa ikatetemeka juu ya meza. Ujumbe ulikuwa wa wifi yake. *Njoo wifi. Miguu imekuwa baridi mpaka magotini, ina madoa. Anavuta pumzi, anakaa kimya, naona kama ndiyo basi, halafu anavuta tena. Uso umetulia. Njoo.*

Dalili hizo aliwahi kuziandika ubaoni kwa chaki, mbele ya madarasa yasiyo na idadi. Madoa, baridi, pumzi zenye mapengo. Alijua ni saa chache tu, pengine pungufu. Alijua pia kwamba akiinuka sasa hivi atamkuta. Na alijua jibu la Bwana Vitenzi, alikuwa nalo tayari kwa miaka: unapima kwa aliyebaki, unapima kwa uso wa aliyekwenda, na kama haipimiki basi ifundishwe hivyo hivyo, maana kozi hiyo ndiyo moyo wa shahada nzima.

"Tukiiondoa hii, mambo yamekwisha," mwenyekiti alisema. "Mtoa hoja, una pingamizi?"

Alifungua mdomo. Mbele ya macho yake hakuona shahada wala wanafunzi. Alimwona mwanamume aliyekuwa anapiga honi mara mbili akikata kona ya nyumbani, hata kama watu wamelala. Hakutaka apumzike. Hakutaka awe na amani. Alitaka awepo, basi, kwa namna yoyote, hata kama ni vibaya.

"Sina pingamizi," alisema.

Katibu akafuta. Mahali pake akaandika, "Mwanafunzi ataweza kueleza umuhimu wa huduma endelevu." Wajumbe wakapiga makofi, mwenyekiti akampa mkono, na mpiga picha wa chuo akawapanga mbele ya ukuta wenye nembo.

Nyumbani, wifi alikuwa uani, anakunja shuka jeupe alilokuwa amelitoa kabatini mapema. Alilikunja kwa uangalifu, kona kwa kona.

"Amerudi," alisema. "Sijui niseme nini, wifi. Alikuwa ameshakwenda huyu. Akarudi."

Dereva alikuwa ameegemezwa mito. Miguu ilikuwa na joto. Uso wake haukuwa umetulia tena.

"Nilikuwa nimefika, Mwalimu. Mlango nimeshaufungua, mguu mmoja uko chini, naikanyaga ardhi kabisa. Halafu gari likaondoka na mimi. Nani ameliondoa?"

"Kamati. Wameondoa kifo."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

Alikaa kitandani. "Nikasema sina pingamizi."

Dereva akatazama nje, kwenye kamba ya nguo. Dozi ilikuwa inakatika, mkewe aliona taya linavyokaza.

"Ningekuwa mimi nimekaa hapo," alisema mwishowe, "na wewe ndiye uko huku, ningesema hivyo hivyo." Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira, Mama Shufaa angepata pa kushika.

Kesho yake alifika kwa katibu kabla ofisi haijafunguliwa. Katibu alimpongeza kwanza, kisha akamsikiliza, kisha akamweleza utaratibu. Programu iliyopitishwa hupitiwa upya baada ya miaka mitano. Hoja ya kurudisha kozi iliyoondolewa inaweza kuletwa wakati huo, mradi iambatane na ushahidi kwamba soko linaihitaji.

"Soko lipi?" Mama Shufaa aliuliza.

"Waajiri, wadau. Mtu alete barua kwamba anakihitaji kifo, na anaeleza kwa nini."

Daktari wa mtaa aliendelea kupita, ingawa si mara nyingi kama zamani. Alisema ugonjwa umemaliza kila kitu cha kumaliza, na sasa unarudia kutoka mwanzo. Majirani walizoea. Mafundi wa umeme walipokuja kubadili nguzo walimsalimia dirishani, naye akawaelekeza njia fupi ya kutokea.

Shahada ikatangazwa, na waombaji wakawa wengi kuliko nafasi. Tathmini ya mwenyekiti ilikuwa sahihi: hakuna aliyesita. Kwa kuwa hospitali ilikuwa imejaa, mafunzo kwa vitendo yalipangwa majumbani, na kwa kuwa mgonjwa wa chumba cha nyuma alikuwa karibu na chuo na hakuwa na hatari ya kufa katikati ya muhula, idara ikamweka kwenye ratiba. Dereva alikubali. Alisema angalau kutakuwa na watu wa kuongea nao.

Walikuja na makoti meupe yaliyonyoshwa, wakapanga foleni kwenye ukumbi mdogo, wakavua viatu mlangoni. Mama Shufaa alisimama kando ya kitanda kama msimamizi. Wa kwanza alikuwa binti mnyenyekevu, mikono safi, sauti yenye huruma ya kweli. Aliketi kama alivyofundishwa, macho yake yawe usawa na ya mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo unahitaji nini kuliko vyote?"

"Kufa," alisema Dereva.

Binti akainamisha kichwa kwenye mwongozo wake. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma, akaenda mpaka jalada la mwisho. Kisha akainua macho, akamtazama mwalimu wake. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa anatafuta kisanduku cha kutia alama.

Mama Shufaa alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama yeye, akasubiri.

"Andika mgonjwa anajieleza vizuri," Mama Shufaa alisema.

Binti akaandika. Mama Shufaa akaweka saini chini yake, akampongeza kwa lugha yake ya heshima, akaenda mlangoni kumwita anayefuata.